Povu kwenye Buti la Farah

Mimi sijawahi kumkamata mtu asiye na makosa. Uliza Muhuru Bay, nilikofanya kazi kabla ya kuletwa huku Oyugis. Watakuambia Konstabo Benard Omosa akikushika bega, anza tu kuaga watoto. Injini ya boti ikipotea, nilikuwa natazama miguu ya vijana pale ufuoni na kusema, "Ni wewe," na kweli ni yeye. Mkubwa wangu wa Migori ndiye aliyesema Homa Bay wanamhitaji mtu kama mimi. Wenye wivu wanadai alitaka tu kupumzisha masikio yake.

Basi Jumamosi hiyo nilimkamata Farah Abdikarim, na kabla chai ya saa nne haijapoa, Farah alikuwa amebaki na jicho moja.

Nianze na maiti.

Nyakundi, dalali wa viazi vitamu, alilala kifudifudi kati ya matuta katika shamba moja upande wa Kabondo. Panga lilimwingia shingoni kutoka nyuma, na aliyelishika hakuridhika na pigo moja. Kichwa kilikuwa kimeshikiliwa na ngozi ya koo tu. Mkono wa kulia aliuinua kujikinga, nao ukaenda. Vidole viwili tulivikuta kwenye tuta la pili, vimesimama udongoni kana kwamba mtu alikuwa amevipanda. Damu ilikuwa imeshanywewa na ardhi, ukabaki weusi na nzi. Kando palikuwa na jembe na gunia ambalo halijajaa.

Inspekta Achieng, bosi wangu, mwanamke asiyecheka hata nikijitahidi vipi, alichuchumaa akaushika ule mkono uliobaki.

"Tazama kucha," akasema. "Udongo mbichi. Alikatwa akiwa ameinama, anachimba." Akawageukia majirani waliokusanyika. "Nani alikuwa naye mwisho?"

"Ni Farah wa Probox," mmoja akajibu. "Jana jioni walikuwa wanagombana pale barabarani. Farah anasema viazi ni vidogo, Nyakundi anamwambia aende akanunue mchanga."

Farah ana duka la jumla mjini Oyugis, na kila wiki alikuwa akinunua viazi kwa Nyakundi na kuvipeleka Homa Bay. Inspekta ilibidi abaki na maiti mpaka gari la wapiga picha lifike.

"Nenda umlete, Omosa. Kwa adabu. Na usifungue mdomo."

"Ndio, madam."

Farah nilimkuta nje ya duka lake akifunga gari lake la Probox. Mtu mrefu, ndevu zimepakwa hina, shati jeupe limepigwa pasi. Mke wake, Sumeya, alikuwa ndani akipimia mtu sukari.

"Fungua buti," nikamwambia.

"Karibu, afande." Akafungua bila wasiwasi, jambo ambalo mimi niliona ni wasiwasi mkubwa sana.

Kwenye zulia la buti palikuwa na doa. Pana, jekundu-jeusi, linanata.

"Hii ni nini?"

"Ni viazi. Jana magunia yalibanana, vingine vikapondeka."

"Viazi gani vinatoa damu?"

"Ni udongo wa Kabondo, afande. Si unaujua ni mwekundu?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Jumamosi sokoni, mtu akisimama kutazama chini watu wanne wanakuja kusaidia. Sasa, mtu mwingine angeliacha doa lile kwa wataalamu. Lakini mimi darasa la bayolojia nililipita nikiwa na B, na duka la dawa liko mlango wa pili. Nikaingia, nikatoka na chupa ya haidrojeni peroksaidi, ile ile watu wanayosafishia vidonda. Nikamimina.

Doa likachemka. Povu jeupe likapanda, likajaa, likamwagika kando kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

"Uwi!" mama mmoja muuza ndizi akapiga kelele. "Inaongea!"

Ningenyamaza hapo. Lakini umati ulikuwa unanitazama mimi, na ni vigumu kuuvunja moyo umati.

"Sikilizeni," nikasema. "Kila kitu kilicho hai kimejengwa kwa seli. Seli zikifanya kazi zinatengeneza sumu kidogo, hii hii iliyo kwenye chupa. Ikikaa humo ndani, seli inakufa. Kwa hivyo mwili una mfanyakazi wake wa kuivunja. Mwalimu wangu wa bayolojia alimwita enzaimu, wa Kiswahili akamwita kimeng'enya, wakanuniana muhula mzima. Huyu wa leo jina lake katalesi. Anaikamata sumu, anaigawa iwe maji na oksijeni. Hilo povu ni oksijeni inatoroka."

"Na yeye hatumiki akaisha?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Haishi! Ni kama makanga wa stendi. Anaingiza abiria, gari linaondoka, yeye anabaki palepale anaita wengine. Bila yeye gari lingejaa pia, lakini lingejaa jioni. Kazi yake ni haraka tu. Na huyu katalesi ana haraka kuliko makanga wote wa Oyugis na Rongo ukiwaweka pamoja. Kwenye damu amejaa tele."

Wakacheka. Mzee mmoja mwenye suti ya kanisa, Biblia kwapani, akasogea mpaka mbele.

"Na kitu kikichemshwa, afande? Huyo makanga bado anafanya kazi?"

"Swali zuri, mzee wangu. Kimeng'enya kina umbo lake. Chukua kreti ya soda: kila chupa ina tundu lake. Iweke kreti karibu na jiko ipindepinde, halafu jaribu kuingiza chupa. Itaingia? Ikichemshwa imekufa. Povu hakuna."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki." Akaenda zake.

"Kwa hivyo hii ni damu?" yule kijana wa bodaboda akauliza.

"Ni damu," nikasema.

Jiwe la kwanza lilitoka upande wa wauza mitumba. Likampata Farah juu ya jicho, akashika uso. La pili likapita kati ya vidole vyake, na sauti iliyotoka pale sitaki kuisikia tena. Akaanguka. Wakamwangukia. Viatu, rungu, jiwe la mizani. Mtu alimpiga mbavuni kwa chuma cha kukazia mwavuli wa biashara, nikazisikia zikivunjika moja baada ya nyingine. Nilikuwa napiga kelele "Ni mshukiwa tu! Ni mshukiwa!" na hakuna aliyetaka kujua tofauti. Tairi lilitokea juu ya vichwa vya watu, likipitishwa mkono kwa mkono. Nyuma yake chupa ya petroli.

Sumeya alitoka dukani na jiwe la kupimia sukari mkononi. Alimpiga mwenye chupa mdomoni, meno yakaruka, kisha akajitupa juu ya mumewe na kumfunika kwa buibui lake. Petroli iliyobaki ikamwagikia yeye. Mtu akawasha kiberiti.

Nikapiga risasi hewani. Mara ya pili nikapiga chini, karibu na mguu wa yule mwenye kiberiti, kikazimika mkononi mwake kwa hofu. Hapo ndipo Land Cruiser ya Inspekta Achieng iliingia sokoni kwa kishindo na umati ukapasuka.

Inspekta alitazama lile povu lililoanza kukauka. Akanitazama mimi na chupa yangu.

"Nilikuambia nini?"

"Nisifungue mdomo, madam."

*

Jioni tulisimama kando ya kitanda hospitalini, Homa Bay. Farah alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima, mkono wa kushoto umepigwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Alikuwa anapumua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi.

Sumeya bado alinuka petroli. Aliposikia viatu vyangu hakuinua kichwa.

"Madam, huyu kijana anafanya nini hapa? Amekuja kumwagia lile jicho lingine?"

"Amekuja kuomba msamaha," Inspekta akasema.

Mimi sikuwa nimeambiwa hivyo, lakini nikaomba. Sumeya akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza? Sasa mfungue hiyo pingu."

"Haiwezekani, dada," Inspekta akasema. "Ripoti ya povu imeshafika kwa mkubwa wetu. Ameipenda. Jumatatu wanataka kumsomea shtaka la mauaji hapo kitandani."

"Jumatatu ni kesho kutwa!"

"Najua."

Tukatoka hadi uwanjani, ilikoegeshwa ile Probox iliyoletwa kama kielelezo. Inspekta akachukua kiazi kitamu kimoja kilichokuwa kimebaki chini ya kiti, akakivunja kwa mikono kikalia paa.

"Mwaga."

Nikamwaga. Kiazi kikatoa povu, tena bila aibu.

"Omosa, ulisema kila kitu kilicho hai kina seli."

"Ndio, madam."

"Na kiazi ni nini? Ni msumari?"

Nikaigeuza chupa, nikaanza kusoma maandishi yake.

"Katalesi iko kwa damu, iko kwa maini, iko kwa kiazi, iko hata kwa majani ya ng'ombe," akasema. "Povu linakuambia hapa kuna kitu kilichokuwa hai. Halikuambii ni cha nani. Ulikuwa umevuta usingizi siku walipofundisha hiyo nusu?"

"Kengele ya chakula ilikuwa imelia, madam."

"Farah amepoteza jicho kwa sababu ya sahani yako ya githeri. Kesho tunarudi Kabondo. Lile shamba ni la nani?"

*

Shamba lilikuwa limekodiwa na Mzee Ombui, Mkisii aliyehamia Kabondo kulima, Msabato kindakindaki. Tulimfikia Jumapili asubuhi. Alikaa sebuleni, mgongo umenyooka, na uso wake nikautambua mara moja. Ile suti ya kanisa. Lile swali zuri.

"Madam," nikanong'ona, "huyu mzee jana alikuwa sokoni. Aliniuliza kuhusu kuchemsha."

"Ukamjibu?"

"Kwa kirefu."

Inspekta akafumba macho kidogo, akayafumbua, akaketi mbele ya mzee.

"Mzee, Nyakundi alikuwa anatafuta nini shambani kwako?"

"Viazi vyangu." Hakuficha. "Kila Sabato anakuja kuchimba. Anajua kuanzia jua la Ijumaa linapozama mimi sishiki jembe wala sifukuzani na mtu. Ametumia ibada yangu kama ufunguo wa ghala."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa kanisani."

"Ulikasirika?"

"Nilimwachia Mungu."

"Mungu naye akachukua panga?"

Mzee Ombui akatabasamu. "Madam, wewe ni mtu wa kukamata. Mimi ni mtu wa kusamehe."

Nilitumwa kukagua jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Mkewe, Nyasuguta, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, alikuwa anakatakata maini ya ng'ombe juu ya ubao. Nyuma ya mlango palikuwa na panga. Nililitoa nje kwenye mwanga.

Bamba lilikuwa safi, linang'aa mpaka linakera. Mpini ndio ulionishtua. Mbao ilikuwa imevimba na kufifia rangi, nyuzi zimesimama, imepasuka kandokando ya ribiti, zile pini zinazoushika kwenye bamba. Mpini wa panga hulowa jasho na mvua, lakini hauvimbi hivyo. Ndani ya ufa palikuwa na kitu cheusi kimeganda. Nikatia tone la peroksaidi. Vikatoka vipovu vichache vya uvivu, kama mtu aliyelazimishwa kusalimia.

Nikamwita Inspekta. Akaugusa ule ufa kwa ncha ya kalamu.

"Cheusi, kimeshikana kama maini ya kukaanga," akasema. "Ingekuwa damu mbichi au damu iliyokauka tu, ingefoka. Hii imeiva. Panga imepikwa."

"Nani anapika panga, madam?"

"Mtu aliyekusikiliza." Akamgeukia Nyasuguta. "Mama, chakula cha Sabato mnapika lini?"

"Ijumaa, madam. Jua likiwa bado juu. Sabato hatuwashi moto."

"Na jana mliwasha?"

Kisu kikasimama juu ya maini.

"Mimi sikuwasha," akasema.

"Sikukuuliza kama ni wewe."

Nyasuguta alitazama ardhi. Ilikuwa wazi kwamba angependa kunyamaza, na wazi zaidi kwamba kudanganya hakumo katika mambo aliyoyaweza.

"Mume wangu alifika kanisani akiwa amechelewa, akatoka kabla ya mahubiri. Alisema kichwa kinamuuma. Niliporudi nikakuta mafiga yana moto na sufuria kubwa imejaa maji ya rangi ya chai. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuona moshi nyumbani kwangu siku ya Sabato. Nilimuuliza. Akaniambia nimwage."

"Ukamwaga?"

"Nikamwaga."

Inspekta akanivuta kando.

"Ni yeye," nikasema. "Tumfunge!"

"Kwa kosa gani? La kuchemsha maji Jumamosi? Atasema alikuwa anaondoa kutu. Hicho kilichoganda kitaenda maabara Kisumu, na majibu yatarudi Farah akiwa gerezani Homa Bay na vidonda vimeoza. Ngoja nimpigie mkubwa." Akaelekea getini kutafuta mtandao, simu juu kama mtu anayemsalimia Mungu. "Lete panga sebuleni. Usiguse kitu."

Dereva wetu alisimama mlangoni akimlinda mzee. Nyasuguta alichukua mtungi akazunguka nyuma ya migomba. Nikabaki na panga, na ubao, na yale maini mabichi yanayong'aa.

Sikilizeni, nitaeleza kama ilivyo. Maini yana katalesi kuliko kitu kingine chochote mwilini. Ukweli tulikuwa nao tayari. Aliyeua tulikuwa tunamjua. Kilichokosekana ni haraka. Basi nikafanya kazi ya kimeng'enya: sikubadilisha kitu, niliharakisha tu. Nilikata kipande kidogo cha ini, nikakisugua ndani ya ufa wa mpini kwa kidole gumba mpaka kikaingia chote, nikapangusa juu. Kilichobaki nikakifunga kwa kipande cha gazeti na kukitia mfukoni.

Inspekta aliporudi, uso wake ulikuwa umefungwa.

"Anasema nisimharibie kesi iliyokwisha."

"Madam, hebu tulijaribu tena mbele ya mzee. Pengine pale nje niliweka kidogo sana."

Alisugua macho. Alikuwa amechoka. "Haya."

Niliweka panga juu ya meza, kwenye gazeti, mbele ya magoti ya Ombui. Nyasuguta alisimama mlangoni na mtungi wake.

"Mzee, unaikumbuka hii chupa?" nikamuuliza.

"Naikumbuka. Na somo lako nalikumbuka."

"Panga hili lina damu?"

"Lina kutu." Alikuwa ametulia kabisa, mikono juu ya magoti. "Mwaga, mwanangu. Mwaga yote."

Nikamwaga.

Ufa ukafoka. Povu lilipanda juu ya ribiti, likafunika mpini, likadondoka kwenye gazeti kwa mlio mdogo wa kuchemka.

Ombui alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Uongo! Hiyo panga nimeichemsha! Nimeichemsha mpaka mpini ukapasuka! Wewe mwenyewe ulisema ikichemshwa imekufa!"

Povu liliendelea kunong'ona peke yake.

"Kwa nini uliichemsha, mzee?" Inspekta akauliza polepole.

Alitutazama mmoja mmoja. Kisha mkono wake ukashuka kwenye mpini, povu na yote.

Pigo la kwanza lilinilenga mimi. Nilianguka chali, likapita juu ya pua yangu na kuzama kwenye ukuta. Aliling'oa na donge la udongo. La pili lilimpata Inspekta Achieng mkononi alipokuwa anachomoa bastola. Nyama ikafunguka kutoka kiwiko karibu mpaka kifundo, nikaona mfupa mweupe kabla damu haijaufunika. Bastola ikaruka chini ya kabati. Dereva aliingia, akapigwa ubapa wa panga usoni, akarudi alikotoka.

"Aliniomba!" Ombui alikuwa anapiga kelele, akikata meza, akikata hewa. "Nyakundi aliniomba kwa jina la Yesu, na viazi vyangu viko ndani ya gunia lake! Kwa jina la Yesu, siku ya Sabato! Nikamkata na mkono aliouinua!"

Nilishika stuli, nikampiga magotini. Alipoinama nikampiga mdomoni kwa stuli ileile, nikamsikia akimeza jino. Bado hakuachia. Alinikaba kwa mkono mmoja, kidole chake kikitafuta jicho langu, na damu ya mdomo wake ikinidondokea ulimini. Nilimuuma. Nilimuuma kidole mpaka meno yangu yakakutana na kitu kigumu, na panga likaanguka. Dereva alirudi na pua iliyolala upande, akamkalia mgongoni. Tukafunga pingu.

Kila mtu alikuwa anahema. Nyasuguta alikuwa ameshavua kitambaa chake cheupe na alikuwa anaufunga mkono wa Inspekta, akikaza kwa meno. Hakulia. Mumewe alilala kifudifudi miguuni pake, shavu kwenye sakafu, akitema.

"Omosa," Inspekta akasema, midomo imekuwa ya kijivu. "Leo umefanya kazi."

Tangu nimjue, hilo lilikuwa neno la kwanza zuri. Nikajaribu kuonekana kama mtu aliyelizoea.

"Nipe simu. Nimpigie yule dada kwanza, mkubwa atasubiri."

Nilimshikia simu sikioni. Sumeya aliitika kabla haijalia vizuri.

"Dada, ni Inspekta Achieng. Tumempata aliyefanya. Amekiri mbele yetu. Mumeo—"

"Madam," Nyasuguta akasema.

"Subiri kidogo, dada. Ndio, mama?"

"Mimi nitaitwa kortini?"

"Utaitwa. Kueleza ule moto wa Sabato."

"Na nitaapa kusema yote niliyoona?"

"Yote."

Alikaza fundo la mwisho, akafuta mikono kwenye sketi. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba amevaa shati nje ndani.

"Basi ni vizuri usikie sasa, usije ukaaibika mbele ya jaji. Mume wangu amemuua mtu, na nitasema. Lakini hilo povu si lake. Nilikuwa nyuma ya migomba. Huyu kijana alikata maini yangu akayapaka kwenye panga kwa kidole."

Nikacheka. Ndicho nilichokuwa nacho.

"Mama amechanganyikiwa, madam. Mshtuko. Mkono huu una damu yako, una damu ya mzee..."

"Sijasema mkono," Nyasuguta akasema. "Angalia mfuko wa koti. Wa kulia, mwanangu. Karatasi imeanza kulowa."

Inspekta hakuinua sauti. "Omosa. Toa."

Nilitoa. Gazeti lilikuwa limegandamana na kile kipande, kikateleza chenyewe na kulala katikati ya kiganja changu, chekundu, kinang'aa. Kutoka sakafuni Ombui aliinua shavu lake lililojaa damu, akakiona, na taratibu akaanza kucheka.

"Sijakiri kitu," akasema. "Mmesikia? Nimetishwa kwa nyama ya mke wangu. Sijakiri kitu."

Inspekta Achieng alikuwa ananitazama. Simu ilikuwa bado iko sikioni mwake, mkononi mwangu, na sauti ya Sumeya ilisikika chumba kizima.

"Haloo? Madam? Madam, niwaambie wamfungue? Hapa askari anataka kusikia kwa mdomo wako. Anatoka?"